Yupo, Kenda Kuchota Maji

Nimegombana na watu wengi Kariakoo, na karibu mara zote sababu ilikuwa Kiuyu, kijiji chetu cha Pemba. Mteja anakuja dukani kununua ndoo, anasikia lafudhi yangu, anacheka: "Wapemba bwana! Kwenu si mmehama wote? Kabaki nani huko?" Basi ndoo haiuziki tena. Nitamweka pale nusu saa nimweleze mpunga wetu wa bonde la Kidundo, ambao ukipikwa nyumba hii, nyumba ya tatu wanameza mate. Nitamweleza vilima vyetu. Nitamweleza watu ambao hata wakiwa wameshindia muhogo mkavu, mgeni haondoki hajala. Duni, mwenzangu wa dukani, alikuwa akinivuta shati. "Hafidh, uza ndoo. Kiuyu yako haiendi popote."

Kumbe ilikuwa inakwenda. Bahari ilikuwa ikiila kidogo kidogo, na mimi habari hizo nilizijua kwa kusikia tu. Niliondoka nina miaka ishirini na mbili, na sasa nina arobaini na moja. Katikati hapo nilirudi mara mbili, zote kwa maziko, siku tatu tatu. Mtu aliyekuja kuzika haendi kuangalia mashamba.

Mwezi wa saba mwaka huu, Jumatatu asubuhi, akanipigia Asya. Huyu ni binti wa shangazi yangu, Bi Mwanamize, dada wa marehemu baba. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, na Bi Mwanamize ndiye aliyenilea. Mimi na Asya tumekula sahani moja.

"Kaka, Mama kaanguka," akasema. "Kaumia nyonga. Hospitali wamesema hakuvunjika, ila alale wiki sita."

"Kaangukia wapi?"

"Tutani."

"Tuta gani?"

"La kwako, kaka."

Nikamwambia mimi sina tuta, nina duka la ndoo. Hakucheka. Akasema: "Ijumaa bamvua kubwa, bahari itajaa, na kipande chako cha tuta hakijesha. Mama anataka nimbebe akamalize. Mie simuwezi. Njoo umwambie weye kama hana akili."

Jumanne mchana nilikuwa uwanja wa ndege wa Chake. Nikachukua bodaboda mpaka Kiuyu, na njia nzima nilinyamaza, mimi ambaye siwezi kunyamaza. Karafuu zilikuwa zimeanza, zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na kila kilima tulichoteremka kilikuwa na bonde chini yake, na kila bonde lina watu wameinama. Nilijisikia kulia, nikasema ni vumbi.

Sitadanganya: kijiji kimechoka. Bomba la mtaani limekauka tangu mwaka juzi na watu wamerudi kwenye kisima. Nyumba nilizozijua zina watu ndani, sasa zina kufuli. Katika vijana tuliocheza mpira pamoja niliweza kuhesabu waliobaki kwa vidole vya mkono mmoja. Masoud, rafiki yangu wa chanda na pete, yuko Maskati mwaka wa kumi na nne. Mama yake, Bi Kijakazi, alifariki Ramadhani iliyopita, na mlango wao umefungwa kwa kamba ya usumba wa nazi. Nikapita pale nikaigusa ile kamba.

Lakini nilipofika Kidundo nilisimama. Sikuwahi kuona kitu kama kile, na nilikuwa nimelisifia bonde hili kwa watu wa bara miaka kumi na tisa.

Upande wa kushoto bahari, na mikoko, na ardhi nyeupe kwa chumvi ambayo haioti hata ukoka. Upande wa kulia mpunga, umeanza kuinamisha vichwa, rangi yake kati ya kijani na dhahabu. Na baina ya viwili hivyo, tuta la udongo. Si refu, kifuani kwa mtu mzima, lakini limetoka kilima hadi kilima, na hakuna trekta lililoligusa. Limejengwa kwa jembe na mikono na miguu ya watu waliokuwa wakilikanyaga. Wiki tatu tu zilibaki mpunga uvunwe.

Asya alikuwa pembeni yangu, akanieleza. Mwaka wa pili baada ya mimi kuondoka, bahari iliingia ikaua mpunga wote. Watu wakashauriana msikitini, wakaanza kuchimba, hawakungoja mtu. Kila nyumba yenye konde la mpunga bondeni ikapewa kipande chake cha tuta, hatua kumi na mbili. Nyumba arobaini na moja. Siku ya bamvua kubwa, kabla maji hayajajaa, Mzee Himid, mwangalizi wa tuta, hupita juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho akiita nyumba moja moja. Hana daftari, yote yako kichwani. Mwenye kipande awe amesimama juu yake aitike. Akiitwa mara tatu asiitikiwe, kipande na konde lake anapewa mwengine, kwa sababu bahari haiulizi hapa ni kwa nani, inaingia tu.

"Na la baba?" nikauliza. Baba aliniachia konde pale, jirani na la shangazi, kwa kuwa waliligawana wao wawili. Nilijua kwamba ninalo, kama mtu anavyojua kwamba ana kitovu.

Asya akaninyooshea kidole. Kilikuwa kipande kizuri mpaka nusu, halafu kinashuka ghafla, kinafika gotini. Jembe lilikuwa bado limechomekwa pale shangazi alipoanguka.

"Nani alikuwa ananiitikia?"

"Umuulize mwenyewe."

Nikamkuta kitandani, amejifunika kanga, anachambua karafuu kwenye ungo kifuani kama mtu ambaye kulala kwake ni kupumzika tu. Nikambusu mkono. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kuna n'ni? Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kwa ajili yako."

"Ah! Asya huyu mdomo wake! Mie nzima. Ijumaa nitakuwa nishasimama."

"Shangazi, miaka kumi na saba unachimba vipande viwili?"

Akageuza uso ukutani. "Udongo si mzito."

Hasira zikanipanda. Mimi nikiona aibu huwa nakasirika. Ni tabia mbaya lakini ndiyo niliyonayo. Nikamwambia kwa sauti: kwa nini hukuniambia? Ningeleta vibarua! Ningeleta saruji!

Akanigeukia. "Ungeleta pesa, najua. Weye mkarimu. Lakini Mzee Himid haiti pesa, anaita jina la ntu. Ningekaa kimya mara tatu, hapa pako pangekwisha. Ungerudi ukae wapi? Kwenye ndoo?"

Nikatoka nje nikakaa barazani, nikalia vizuri, bila kusingizia vumbi.

Jumatano alfajiri niliingia tutani. Mkono wa kulia wa kipande changu kuna kipande cha shangazi, ambacho alikuwa amekimaliza kabla ya kugusa changu. Mkono wa kushoto kuna cha Masoud, na baada ya hapo cha Bi Mwanakhamis, mjane wa rika la shangazi, mwembamba kama ufito, ulimi wake mkali. Alikuwa akikanyaga udongo wake huku ameshikilia fimbo. Akanijibu salamu, akanitazama miguu.

"Viatu vya mpira hivyo ndo vya Dasalama?"

"Ndiyo bibi."

"Hongera. Vivue."

Nikavua. Nikachimba kama kichaa. Nilitaka ikifika adhuhuri kipande kiwe kimepanda kifuani, watu waseme aa, Hafidh mwanamme. Udongo nilikuwa nauchukua hapo hapo chini ya tuta, upande wa bahari, ulaini wake kama ugali wa moto, naurusha juu. Kilipanda haraka kweli. Nilikuwa najisifu moyoni niliposikia ukelele.

"Weye! Unanchimbia miguu!"

Bi Mwanakhamis alikuwa anakuja kwa fimbo yake. Akanionesha: nimechimba handaki refu chini kabisa ya tuta. Maji yakija yatasimama mle, yatachota chini, na tuta lote litalala kama mlevi. "Udongo hutolewa hatua thalathini, kule ndani, uje nao kichwani. Ndo sababu kazi ngumu. Kama ingekuwa pale chini si hata mbuzi angejenga?"

Waliokuwa karibu walicheka mpaka wakaegemea majembe. Nikarudishia udongo wote mahali pake na kuushindilia, na nusu siku ikapotea. Alasiri nikaanza upya, kikapu kichwani, hatua thalathini kwenda na thalathini kurudi. Na kila hatua nilimwona shangazi, mwanamke wa miaka sabini na moja, na kikapu hiki hiki.

Tulipokaa kunywa maji, Bi Mwanakhamis akaanza kucheka peke yake.

"Unajua ulikuwa wapi miaka yote hii?"

"Kariakoo."

"Ah wapi! Ulikuwa hapa. Mzee Himid akiita, 'Nyumba ya Hafidh bin Mmanga!' shangazi yako anaitika, 'Yupo!' Mzee anauliza, 'Mbona simwoni?' Mwaka wa kwanza akasema, 'Yupo, kenda msalani.' Mwaka wa pili una homa. Sote tukakuombea dua, Mungu amponye Hafidh! Mwaka mmoja ulikuwa unavaa. Halafu akachoka kutunga, ikawa kila mwaka, 'Yupo, kenda kuchota maji.' Miaka kumi na miwili umekwenda kuchota maji, yakhe. Watoto wa hapa wakimwona ntu ana kiu sana wanamwita Hafidh."

"Na Mzee Himid alikubali?"

"Alisema, 'Haya, akirudi anwagie kidogo mpunga,' akapita."

Wapemba hujuana kwa vilemba. Watu wa nyumba arobaini walikuwa wanajua kwamba kilemba changu hakipo, na hakuna hata mmoja aliyemwumbua mwanamke yule. Walimwacha aniweke hai pale tutani. Na kwa kuwa mimi "nilikuwepo", hakuweza kuomba msaada kwa ajili yangu: mtu aliyepo hujiombea mwenyewe. Ndiyo maana alichimba peke yake mpaka akaanguka. Nikauliza kama na mimi naweza kuomba sasa.

"Tulikuwa tunangoja uombe," akasema Bi Mwanakhamis, akapiga mbinja kama mvulana.

Wakaja. Alhamisi nzima tulikuwa watu tisa kwenye hatua zangu kumi na mbili, na wengi walikuwa wanawake, na wengi walikuwa wamenizidi umri. Nataka watu wa Kariakoo wanisikilize vizuri hapa. Mtu mmoja alikuwa na jicho moja. Mmoja alikuja ametoka kuchuma karafuu tangu alfajiri. Waliimba, walinitania viatu vyangu, walikanyaga udongo bega kwa bega mpaka ukawa mgumu kama kizingiti. Magharibi kipande cha Hafidh bin Mmanga kilikuwa sawa na vyenzake. Nimejenga nyumba mbili Mbagala katika maisha yangu na hakuna iliyonifurahisha hivyo.

Ijumaa, baada ya sala, shangazi akataka kwenda. Nilimwambia alale. Akaniambia nikitaka alale nimzike. Basi mimi na Asya tukamkalisha kwenye kiti, tukambeba mpaka tutani, tukamweka juu ya kipande chake akitazama bahari. Ilikuwa saa tisa na maji yalikuwa yameshaingia mikokoni. Watu walisimama kila mmoja mahali pake, mstari mrefu kutoka kilima hadi kilima, kanga na kofia, kimya. Mimi nilisimama juu ya changu, matope mpaka kiunoni, moyo unanidunda kama bwana harusi.

Mzee Himid akaja, bakora mkononi, anapima kila kipande kwa kisigino.

"Nyumba ya Mwanamize binti Shaame!"

"Nipo!"

Akapiga hatua. "Nyumba ya Hafidh bin Mmanga!"

"Yupo," akaitika shangazi kwa mazoea, "kenda kuchot—" Akajishika mdomo.

Tuta zima likaangua kicheko. Mzee Himid hakucheka. Alinitazama juu mpaka chini, akaita tena, taratibu, kana kwamba ananisaidia.

"Hafidh bin Mmanga!"

Nilikuwa na sauti ya kugombana na mji mzima wa Dar es Salaam, na pale haikutoka. Nikajaribu tena. "Nipo, mzee."

"Ulichelewa kisimani," akasema, akapiga kisigino juu ya udongo wangu, akatikisa kichwa kukubali. Shangazi alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Kisha Mzee Himid akavuka kwenye kipande kinachofuata.

"Nyumba ya Masoud bin Haji!"

Hakuna aliyeitika. Miaka yote Bi Kijakazi alikuwa akimwitikia mwanawe, na sasa Bi Kijakazi yuko chini ya mchanga. Kipande chenyewe kilikuwa bado kimesimama kwa kazi ya mwisho ya mikono yake, ila kimeanza kupasuka juu.

"Nyumba ya Masoud bin Haji!"

Nikaangalia huku na huku. Bi Mwanakhamis aliinamisha kichwa. Hata kipande chake kimoja kilikuwa kinamshinda. Mwenye kuitika ndiye mwenye kuchimba, hilo kila mtu alilijua, na hakuna aliyekuwa na mikono ya ziada. Nikaifikiria ile kamba ya usumba mlangoni. Nikamfikiria Masoud katika jua la Maskati, pengine naye hivi sasa anagombana na mtu kwa ajili ya Kiuyu, na hajui kwamba ameitwa mara mbili.

Mzee Himid akavuta pumzi ya tatu.

"Yupo!" nikapiga kelele.

Akageuka. "Mbona simwoni?"

"Kenda kuchota maji."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee Himid akachomeka bakora yake kwenye ule ufa. "Haya," akasema. "Mwambie kipande chake kina ufa." Akapita.

Nikashuka na kikapu, hatua thalathini kwenda na thalathini kurudi, huku maji yanapanda. Yalikuja bila kelele, yakagusa mguu wa tuta, yakapanda mpaka ikabaki shibiri moja kufika juu. Kwenye kipande cha Masoud yakapata tundu la kaa, yakaanza kutoka upande wa mpunga, membamba kama mkia wa panya. Nikalikanyaga tundu lile, Bi Mwanakhamis akanirushia udongo, na mtu mwenye jicho moja akaja na jamvi lake la karafuu tukalizibia. Tukasimama pale juu yake, tumeshikana mabega, mpaka saa kumi na moja kasoro. Kisha maji yakaanza kurudi. Hakuna hata jani moja la mpunga wa Kidundo lililoguswa na chumvi.

Tulimrudisha shangazi nyumbani juu ya kiti chake. Nilipomlaza kitandani akanishika mkono, akaangalia malengelenge, akayapuliza kama alivyokuwa akinipulizia nikiwa mdogo.

"Unaondoka lini?" akaniuliza.

"Siondoki. Nimempigia Duni, abaki na duka. Masoud kenda kuchota maji, nnamngojea arudi."

"Utangoja sana, mwanangu."

"Weye ulingoja," nikamwambia.